Boma limefika lenta, halmashauri inasema "hakuna bajeti"

Swali: "Shikamoo mzee wangu. Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji huku Nyanda za Juu Kusini. Mwaka 2021 tuliamua kujenga kituo cha huduma za jamii: chumba cha kulelea watoto wadogo mama zao wakiwa shambani, chumba cha kliniki ya mkoba wahudumu wa afya wanapotufuata kijijini, na ukumbi mdogo. Tumechanga, tumefyatua tofali, boma limefika lenta. Halmashauri ya wilaya tumekwenda mara tatu na jibu ni lile lile, hakuna bajeti. Mara ya mwisho tukaambiwa tukaombe ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri. Fedha za halmashauri kwa kituo kama hiki hutoka wapi hasa, na tufanye nini zitufikie?"

Marahaba, mwanangu. Nimekaa kwenye ofisi ya mipango ya halmashauri kwa miaka mingi, na maboma kama lenu nimeyatembelea mengi. Naandika kwa kirefu kwa sababu mlichokosa si bidii. Watu waliokwisha kupandisha kuta mpaka lenta kwa nguvu zao hawahitaji kufundishwa bidii na mtu yeyote.

Nianze na hilo neno "hakuna bajeti", maana ndilo linalowarudisha nyumbani kila mara. Ukilisikia ukiwa kijijini unaelewa kwamba hela hazipo. Ofisini lina maana nyingine: mradi wenu haumo kwenye kitabu cha bajeti, hauna kasma, yaani mstari wake wa fedha. Hata mkurugenzi akiwahurumia leo akataka kuwapa milioni mbili za bati, mweka hazina atamwuliza azitoe kasma ipi, na mfumo wa malipo, MUSE, hautapitisha malipo ya kitu ambacho hakimo kwenye bajeti iliyoidhinishwa. Kwa hiyo mara zote tatu mliomba fedha kwa mtu ambaye, hata angetaka, hakuwa na njia ya kuzitoa. Cha kuomba ni mstari kwenye bajeti, na una msimu wake wa kuombwa, kama mahindi yalivyo na msimu wa kupandwa.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kufungwa Juni 30, lakini bajeti inayoanza Julai hupikwa mapema sana. Vijiji hukaa kupanga vipaumbele kati ya Septemba na Novemba. Kamati ya Maendeleo ya Kata inachambua ya vijiji vyake vyote. Kuanzia Desemba wataalamu wa halmashauri wanaingiza miradi kwenye mfumo wa PlanRep, Kamati ya Fedha, Utawala na Mipango inaipitia, na Baraza la Madiwani linapitisha mwezi wa kwanza au wa pili. Baada ya hapo ni mkoa, TAMISEMI (ofisi ya serikali kuu inayosimamia serikali za mitaa), Hazina, kisha Bunge kuanzia Aprili. Tarehe husogea kidogo mwaka hadi mwaka, mpangilio haubadiliki. Nadhani ninyi mlikuwa mnakwenda Julai au Agosti, baada ya kuuza viazi, mtu akiwa na nauli mfukoni. Huo ni wakati mbaya kuliko wote: bajeti ya mwaka huu imeshafungwa na ya mwaka ujao haijafunguliwa.

Nikusimulie jambo moja. Mwaka fulani, kwenye halmashauri niliyokuwa nafanya kazi, ukomo wa bajeti ulishuka na tukakaa mpaka usiku tukipunguza miradi. Mezani palibaki maboma mawili ya vijiji viwili, na fedha za boma moja. Kijiji cha kwanza kilikuwa kimeleta muhtasari wa kurasa nne: tarehe, ajenda, idadi ya wanaume na wanawake waliohudhuria, karatasi ya mahudhurio yenye sahihi na alama za dole gumba, na sentensi moja iliyosema wazi kwamba mkutano mkuu wa kijiji umekubali mradi huu uwe kipaumbele namba moja. Kijiji cha pili kilileta barua ya nusu ukurasa yenye sahihi ya mwenyekiti peke yake. Boma la kijiji cha pili ndilo lililokuwa limefika mbali zaidi, na kuta zake zilikuwa nzuri. Tukalikata. Mkaguzi akija, muhtasari ule unanilinda na barua ile hainilindi. Nilipopita barabara ile miaka kadhaa baadaye mpera ulikuwa umeota chumba cha kati na kozi tatu za juu zimeliwa na mvua. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, ndiyo maana nakwambia: kabla ya Oktoba, itisheni mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982 inautaka ukutane walau kila miezi mitatu, na kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe. Ajenda iwe moja tu, hicho kituo. Muhtasari uwe na nakala tatu: ya kijiji, ya mtendaji wa kata, na ya ofisi ya mipango wilayani, hiyo ya mwisho ikigongwa muhuri wa kupokelewa.

Sasa kuna tatizo la pili ambalo pengine hakuna aliyewaambia. Kwenye bajeti ya halmashauri hakuna kitu kinachoitwa kituo cha huduma za jamii. Zahanati ina mlango wake, darasa lina mlango wake. Kwa muda mrefu Serikali Kuu imekuwa ikipeleka Sh50 milioni kumalizia boma la zahanati na Sh12.5 milioni kumalizia boma la darasa, na fedha hizo hufuata orodha za sekta. Jengo lenu lina watoto, lina kliniki, lina ukumbi. Afya watasema hilo ni la maendeleo ya jamii, maendeleo ya jamii watasema kuna kliniki humo, elimu watasema hao watoto hawajafika umri wa awali. Hakuna anayewadanganya, ila kila mmoja ana ukomo wake na hataki kubeba mzigo ambao nusu yake ni ya mwenzake.

Chagueni sekta moja tu iwe mama wa mradi. Kwa maelezo yako, ningechagua malezi ya watoto wadogo. Nchi ina Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021, na vituo vya kijamii vya kulelea watoto wadogo mchana ni sehemu yake. Sheria ya Mtoto ya 2009 inavitambua na kutaka visajiliwe. Kwa hiyo afisa ustawi wa jamii anaposimama mbele ya kamati, ana kitu cha kushika. Andikeni "Umaliziaji wa kituo cha kijamii cha kulelea watoto wadogo mchana, kijiji cha fulani". Kliniki ya mkoba na ukumbi viwe matumizi mengine ya jengo hilo hilo, vitajwe ndani ya andiko, visiwe kwenye kichwa cha habari. Na akitokea mtu wa kuwashauri mbadili jina muite zahanati ili mfuate zile milioni hamsini, msikubali. Zahanati ina ramani yake, usajili wake na watumishi wake. Mtapewa masharti ambayo vyumba vyenu haviwezi kuyatimiza, na mtapoteza vyote viwili.

Tuje kwenye mifuko yenyewe. Mkubwa kwenu ni mapato ya ndani ya halmashauri: ushuru wa mazao, ushuru wa huduma, leseni, vibali, masoko, minada. Miongozo ya bajeti imekuwa ikizitaka halmashauri zitenge sehemu ya mapato hayo kwa miradi ya maendeleo, na kiwango kilichozoeleka kwa miaka mingi ni 40% kwa zenye mapato madogo na 60% au zaidi kwa zenye mapato makubwa. Jueni kiwango cha halmashauri yenu. Ulizeni pia mwaka uliopita zilitengwa ngapi kwa maendeleo na zikatoka ngapi kweli, kwa sababu kuwa na kasma si sawa na kupokea fedha. Halmashauri ya wakulima hula kwa msimu. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka 5% hadi 3% kwa mazao ya biashara na 2% kwa mazao ya chakula. Ilikuwa nafuu kwa mkulima, na mimi niliiunga mkono, lakini pengo lile lilibaki kwenye meza zetu. Bei ya mahindi ikianguka, au mageti ya ushuru yakivuja, mradi ulioandikwa robo ya nne hauoni senti. Diwani wenu apiganie fedha zenu zipangwe robo ya kwanza au ya pili, wakati magari ya mazao yako barabarani na ushuru unaingia. Anayeahidiwa Mei amwombe Mungu sana, maana Juni 30 ikipita mambo ya bakaa, yaani fedha zilizobaki bila kutumika, yana urasimu wake.

Mfuko wa Jimbo ni wa pili. Ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake, na fedha zake ni kidogo ukizigawa kwa kata zote. Usiombe huko jengo zima. Omba kitu kinachohesabika, kwa mfano bati za kuezeka upande mmoja au mbao za kupaua, na upeleke andiko kwenye ofisi ya mipango kwa wakati. Ahadi ya jukwaani hailipiki, kamati hukaa na makaratasi. TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, nao hujenga miundombinu, ila kwa taratibu zao na maeneo yao. Na kama mngekuwa jirani na mgodi ningewaambia mengi kuhusu wajibu wa mwenye mgodi kwa jamii, maana sheria ya madini inamtaka akubaliane na halmashauri kila mwaka. Kwenu hakuna mgodi, tuliache.

Kuhusu ile asilimia kumi, aliyewatuma huko amewapoteza njia. Fedha zile kisheria ni mikopo isiyo na riba kwa vikundi: 4% wanawake, 4% vijana, 2% watu wenye ulemavu. Zilisitishwa Aprili 2023 na kuanza tena mwaka 2024. Kijiji si kikundi, na jengo la umma halirudishi mkopo. Akina mama wa kijijini kwenu wanaweza kukopa kwa mradi wao wa kufuga au kushona, na hilo nalitia moyo, lakini lisichanganywe na boma.

Hapa niseme neno kwa wasomaji wa mijini, maana wataona mengi haya hayawahusu. Kijiji kilichosajiliwa ni chombo chenye utu wa kisheria. Kinamiliki mali, kina akaunti, kinaweza kushtaki na kushtakiwa. Mtaa hauna hayo. Ofisi ya mtaa ikitaka kituo, mali inaandikwa kwa halmashauri ya mji, manispaa au jiji, na kila kitu kinapita kwenye kata. Wenye mitaa waanzie kwa mtendaji wa kata, wasipoteze muda kufungua akaunti ya mtaa.

Nimefika kwenye sehemu ambayo ndiyo hasa iliyonifanya nikujibu. Umeniuliza juu ya kumaliza jengo. Hujaniuliza nani atalipa jengo likishamalizika.

Nimeshaingia kwenye kituo kilichoezekwa, kikapakwa rangi, kikazinduliwa kwa ngoma. Miezi minane baadaye nilikuta kufuli kwenye mlango. Ufunguo ulikuwa kwa mtu aliyehamia mjini. Ndani kulikuwa na mikeka mipya imeviringishwa, haijakanyagwa, na mita ya LUKU imezima kwa kukosa umeme wa elfu mbili. Walezi walikuwa wamejitolea miezi mitatu, wakachoka. Nani angewalaumu? Na wao wana mashamba na watoto. Halmashauri inajua historia hiyo, na ndiyo sababu ya kimyakimya inayofanya maandiko mengi yakatwe: kamati inaogopa kumaliza jengo litakalofungwa. Andiko linaloonyesha gharama za uendeshaji mwaka mzima, na nani anazibeba, linasimama tofauti kabisa na mengine.

Tufanye hesabu ya mfano, ninyi mtaweka bei za kwenu. Chukua watoto 40. Walezi wawili wakipewa posho ya Sh120,000 kila mmoja kwa mwezi, kwa mwaka ni Sh2,880,000. Uji kwa Sh200 kwa mtoto kwa siku, siku 20 za mwezi, miezi kumi, ni Sh1,600,000. Mlinzi kwa Sh80,000 kwa mwezi ni Sh960,000. Umeme, sabuni, maji na ukarabati mdogo, tuseme Sh560,000. Jumla Sh6,000,000. Wazazi wakichanga Sh5,000 kwa mwezi kwa miezi kumi, mnapata Sh2,000,000. Pengo ni milioni nne kila mwaka, mvua inyeshe isinyeshe.

Milioni nne haziwezi kutoka mahali pamoja, ila vipande vyake vipo. Halmashauri zilisaini mkataba wa lishe, na kwa mkataba huo zinatakiwa kutenga Sh1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kutoka mapato ya ndani. Mwoneni afisa lishe, mwambieni Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ile inayofanyika kila robo mwaka, ifanyikie kituoni kwenu, na unga lishe na vifaa vya mapishi darasa vibaki pale. Kliniki ya mkoba isiingie kwenye hesabu yenu kabisa. Ipangwe kwenye mpango wa zahanati inayowahudumia, kwa sababu tangu mwaka 2017/18 fedha za Mfuko wa Afya wa Pamoja zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, na kamati ya usimamizi ya zahanati ina sauti juu ya matumizi yake. Ukumbi ukodishwe kwa harusi na mikutano, kwa stakabadhi. Kinachobaki kiingizwe kwenye bajeti ya kijiji chenyewe. Kuna vijiji nimeviona vikitenga ekari mbili za viazi au miti kwa ajili ya kituo, shamba la kituo kabisa, watu wanakwenda siku moja ya wiki. Hiyo ndiyo njia niliyoiona ikidumu kuliko nyingine zote. Serikali kuwaajiria walezi wawili hao wa kijiji sitawaahidi, na atakayewaahidi mwombeni aandike.

Mambo mawili ya makaratasi yasisahaulike. La kwanza ni ardhi. Kama eneo mlipewa na mzee fulani kwa moyo mwema, kaeni naye leo akiwa hai. Iandikwe hati ya kulitoa, asaini yeye, mkewe na watoto wake wakubwa, halmashauri ya kijiji ipokee kwa muhtasari, na eneo liingizwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji kama eneo la huduma. Mzee akishazikwa, mjukuu anayetoka mjini hajui moyo mwema, anajua mipaka. La pili ni hesabu za michango. Orodheni kila kilichotolewa: fedha kwa namba za stakabadhi, tofali kwa idadi, mchanga kwa tripu, siku za kazi kwa watu. Mwiteni fundi sanifu wa ujenzi wa halmashauri atembelee boma, athaminishe nguvu zenu na aandae mchanganuo wa gharama za kumalizia. Hii ni huduma mnayostahili. Mkiweza kusema "wananchi wameshaweka kazi yenye thamani ya kiasi hiki, tunaomba kiasi hiki", mnaingia kwenye mpango wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo kama unavyotakiwa kuwa, jamii ikiwa imetangulia na serikali ikiunga mkono. Na fedha zikija, ujenzi utakuwa wa kutumia mafundi wa kijijini, chini ya kamati zenu za ujenzi, manunuzi na mapokezi. Wekeni akina mama kwenye kamati ya mapokezi. Saruji haipungui njiani wakiwa wao ndio wanaohesabu mifuko.

Na wakikataa tena? Ombeni sababu kwa maandishi, kwa barua yenye kumbukumbu namba. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwenye ofisi siku 30 za kujibu. Diwani aulize barazani, na ninyi mwende kumsikiliza, maana mkutano wa Baraza la Madiwani ni wa wazi kwa wananchi. Watu ishirini wa kijiji kimoja wakikaa kimya kwenye viti vya nyuma, na watoto mgongoni, kila aliyeko mbele anawaona.

Sasa hivi, kabla hata ya huo mkutano mkuu, kuna kazi ya siku mbili. Mvua za Novemba haziangalii bajeti. Pateni mifuko mitatu minne ya saruji mchanganye na mchanga, mfunike vichwa vya kuta zote kwa mchanganyiko huo mzito, na mchimbe mfereji wa kutoa maji nje ya msingi upande wa mlimani. Madirisha yaliyo wazi yazibeni kwa matete. Piga picha kabla na baada, zibandikwe kwenye andiko lenu. Ukishapata muhtasari niandikie, nitaupitia kabla haujaenda kata.